Mungu Ni Mwema, Mbona Tunaumia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kanisani mtu akisema "Mungu ni mwema", sote tunaitikia "kila wakati", na sauti zinagonga bati. Maswali huja baadaye, nje, watu wakishachukua miavuli yao: mama aliyezika juzi, kijana ambaye viazi vyake vimeozea Uyole, baba aliyepewa majibu ya vipimo na hajamwambia mkewe. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa hapa Mbeya. Haya ndiyo maswali yanayonifuata zaidi, kutoka kwa Walutheri, Wamoravian, Wakatoliki na walokole, maana msibani huku kwetu hakuna anayeulizwa kadi ya usharika. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Mengine nina mengi ya kusema, mengine maneno machache yanatosha.

Kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini mtoto wangu amekufa?

Mama, sijui. Naanza hapo kwa sababu wengi watakujia na sababu mkononi: kwamba alikuwa malaika uliyeazimwa tu, kwamba Mungu amemwepusha na mabaya ya mbeleni, kwamba Mungu alitaka kukuvuta karibu naye. Hakuna andiko linalosema hayo kuhusu mtoto wako.

Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na sehemu kubwa ya sura hizo Ayubu anauliza "kwa nini". Mungu anapojibu, kuanzia sura ya 38, anamwuliza alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa. Anamwonyesha nyota, mbuni, farasi na tai. Lakini habari ya mazungumzo yale na Shetani, ambayo wewe na mimi tumeisoma katika sura ya kwanza, Ayubu hakusimuliwa hata mara moja. Alikufa mzee aliyejaa siku, bila kujua kwa nini wanawe kumi walikufa siku moja.

Basi imani yetu inaegemea wapi? Kwa Yesu. Soma Yohana sura ya 11. Lazaro amekaa kaburini siku nne, Yesu anajua kwamba muda si mrefu atamwita atoke, na bado "Yesu akalia machozi". Kifo kingekuwa zawadi iliyofungwa vibaya, asingelia. Paulo naye anakiita kifo adui, tena adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Ukimlilia mwanao, uko upande ule ule aliosimama Yesu siku ile Bethania. Kisha msalabani akapaza sauti, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni swali lako hilo hilo, na saa ile hakuna sauti iliyomjibu kutoka mbinguni. Siku ya tatu kaburi lilikuwa tupu.

Mkristo anaposema Mungu ni mwema anamsema Mungu huyu, aliyezikwa akafufuka, na anangoja siku ambayo wa kwake nao watafufuka. Siku hiyo kwa mwanao haijafika. Ndiyo maana hata anayeamini anaumia, na hakuna sababu ya kumwonea haya mtu yeyote kwa machozi yako.

Msibani kila anayesimama anasema "kazi ya Mungu haina makosa". Mimi moyoni naona hapa pana makosa. Je, nimeasi?

Hujaasi. Maneno hayo yamekuwa salamu ya msibani. Anayeleta rambirambi za ofisini anayasema, balozi wa nyumba kumi anayasema, msoma wasifu wa marehemu anamalizia nayo. Wengi wanayasema kwa nia njema, kwa kuwa hawana neno jingine na baridi ya Julai imewashika tangu alfajiri. Siwalaumu sana.

Ila tazama ni nani anayesema nini katika Biblia. "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA libarikiwe" aliyasema Ayubu mwenyewe, siku aliyofiwa, joho lake limeraruliwa na kichwa amenyoa. Hakuna jirani aliyemwambia hivyo. "Mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" aliyasema Yusufu, miaka mingi baada ya shimo na gereza, baba yao akiwa ameshazikwa (Mwanzo 50:20). Sasa fikiria ndugu zake wangemwambia maneno hayo hayo siku ile wanamuuza kwa vipande ishirini vya fedha. Andiko lile lile lingekuwa tusi. Maneno haya makubwa yanatoka kinywani mwa aliyeumia, kwa wakati wake. Ninyi wasoma risala, mwacheni mfiwa ayaseme mwenyewe siku akiweza. Asipoweza mwaka huu, nyamazeni mwaka huu.

Marafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo moja zuri sana: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno lolote, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno (Ayubu 2:13). Hilo huku kwetu tunaliweza. Majirani wanalala msibani, akina mama wanajaa jikoni, wanaume wanaota moto nje mpaka kunakucha. Marafiki wale walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Na mwisho wa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, hao waliomtetea Mungu sura baada ya sura, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (42:7). Yaani aliyelalamika ndiye aliyesema sawa! Mstari huo bado sijausikia ukisomwa msibani.

Ndugu yetu amekufa ajalini, lori limefeli breki mteremkoni. Tumeambiwa siku yake ilifika. Ni Mungu aliyepanga?

Mtu wa Mbeya anazijua sehemu hizo bila kutajiwa: Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi, na ukishapita Iringa, Kitonga. Barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia inapita katikati ya nyumba zetu, na malori yanashuka na mizigo ya tani nyingi.

Breki zisipokaguliwa, dereva akinyimwa usingizi, tajiri akikataa kununua vipuri, mkaguzi akipokea kitu kidogo akafumba macho, hao ni watu wenye majina. Ukisema "siku yake ilifika" ukaishia hapo, umewafuta wote na kubakiza jina moja tu, la Mungu. Mimi naona huko ni kumsingizia.

Kwamba hakuna kinachotokea nje ya macho ya Mungu, hilo tunaliamini. Mapenzi yake na matendo yetu yanakutanaje, Wakristo wamelibishania kwa karne nyingi, na mwinjilisti wa mtaa hataumaliza ubishi huo. Lakini "usiue" ni mapenzi ya Mungu yaliyoandikwa waziwazi, na uzembe unaoua unayavunja. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anawageukia walio hai: tubuni. Kwenye miteremko yetu naamini toba hiyo inaanzia gereji.

Kwa hiyo kufuatilia kesi polisi na kudai fidia ya bima kwa ajili ya watoto wa marehemu hakupunguzi imani hata chembe. Fuatilieni.

Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilifunika nyumba za Itezi, watu wakasalimika, tukasema Mungu ni mwema. Katesh watu walikufa. Kwao hakuwa mwema?

Swali hili liliulizwa na kijana wa kipaimara, na darasa zima likanyamaza, mimi nikiwemo. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope la Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80. La kwetu lilikuja miezi minne baadaye, likafukia nyumba na majengo ya shule, watu wakatoka hai. Shukrani za Itezi zilikuwa za haki kabisa.

Kasoro inaingia pale kunusurika kunapofanywa mizani. Tukiupima wema wa Mungu kwa idadi ya waliosalia, kila kaburi linageuka shahidi dhidi yake. Na sisi tuliosalia tunaanza kujidhania kuwa tulikuwa na kitu, maombi au mfungo, ambacho watu wa Katesh hawakuwa nacho. Hao pia waliomba. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo", bado hatutaiabudu sanamu yako (Danieli 3:18). Walipoyasema hayo hawakujua kama watatoka. Waebrania 11 nayo inawaweka pamoja waliofunga vinywa vya simba na waliokatwa kwa misumeno, sura moja, na wote wanasifiwa kwa imani. Mahubiri mengi huishia kwenye simba.

Nilimjibu kijana hivi: shukuru kwa ajili ya Itezi, lia pamoja na Katesh, kama Warumi 12:15 inavyotuagiza. Na ukiwa mkubwa ukapata kazi ardhi, usipime viwanja chini ya mlima unaotitia.

Kila mwaka ukoo wetu unazika. Wengine wanasema laana, wengine wanasema tumerogwa. Tufanye nini?

Kwanza, msimlipe mtu. Awe lambalamba, mganga wa kufichua wachawi, aliyepita kijijini, awe mpiga ramli, awe mtumishi anayekata laana kwa bei, mwisho huwa mmoja: fedha inatoka kwenye nyumba iliyofiwa, na bibi mmoja mjane ananyooshewa kidole. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakisimama pande mbili za kaburi, hawaangaliani, kwa sababu ya ramli.

Wanafunzi waliuliza habari ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mkishayasoma hayo, nendeni hospitali mkapime, wazima na wagonjwa. Shinikizo la damu, kisukari na seli mundu hutembea ndani ya ukoo bila mchawi, na kifua kikuu hupita kutoka kitanda hadi kitanda katika nyumba moja. Maombi mwiteni mchungaji aje kuyafanya sebuleni kwenu. Hayana bei.

Nabii ameniambia nipande mbegu ya laki tano ndipo Mungu afungue milango.

Usipande. Mbegu zinapandwa shambani. "Mmepata bure, toeni bure", Mathayo 10:8.

Niongeze neno moja, kwa sababu wapo wanaowacheka walioliwa fedha zao. Mwaka 2011 nchi nzima ilimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na wengine waliacha dawa zao hospitalini. Mtu anayeumwa haogopi umbali wala bei, wala hakosi akili. Hatia ni ya anayemtoza.

Natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nimeombewa na kuambiwa nikiendelea kumeza ni kukosa imani.

Endelea kumeza, leo jioni, saa ile ile.

Mikoa yetu inalijua jambo hili kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulizikuta Njombe na Iringa zikiongoza nchi nzima, zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi akiishi na virusi. Tuliokuwa watu wazima kabla dawa hazijaanza kutolewa bure, kuanzia 2004, tunakumbuka vijijini maziko yalivyofuatana, na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Leo wenye virusi wanalima, wanaimba kwaya, wanasomesha. Ukiniuliza wema wa Mungu umeonekana wapi katika nyanda hizi, nitakuonyesha kopo lako la vidonge kabla ya ushuhuda wowote wa madhabahuni.

Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo alishauriwa na Paulo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yampatayo mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia hana imani. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wa mwilini umtoke, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha". Na Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walijua kuomba, lakini homa haikuwaacha. Makanisa yaliyokua katika nchi hii yaliomba yakajenga na hospitali: Isoko na Mbozi za Wamoravian, Ilembula ya Walutheri, Ikonda ya Wakatoliki kule Makete, ambako foleni ya asubuhi ina wagonjwa wa mikoa mingi. Aliyekuambia uache dawa, muulize kama yuko tayari kuja kuwalea wanao.

Nikiomba natoa lawama tu. Nimemkasirikia Mungu. Ananisikia kweli?

Anakusikia. Chukua Zaburi zote 150, takriban theluthi yake ni maombolezo. Ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nyingi kati ya hizo hugeuka mwishoni zikawa sifa, na sisi wahubiri tunapenda kukimbilia mstari huo wa mwisho. Ya 88 haigeuki. Inaisha gizani, marafiki wametengwa mbali, na hakuna mstari wa kufariji. Waliozikusanya nyimbo hizo za ibada waliiona, wakaiacha humo.

Naomi alirudi Bethlehemu amezika mume na wana wawili, akawaambia wanawake wa mji waziwazi kwamba Mwenyezi Mungu amemtenda mambo machungu sana (Ruthu 1:20). Hakuna aliyemkemea. Kitabu kinaendelea naye, msimu wa mavuno ya shayiri, hadi anapompakata mjukuu kifuani.

Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Ninayemwogopea ni yule anayesema "mimi niko sawa, Mwinjilisti, tunamshukuru Mungu", macho yake yakiwa mbali.

Na jambo moja la kwetu. Wazee wa Rungwe na Kyela walilia wafu wao kwa sauti, siku kadhaa, ukoo mzima. Baadhi ya viongozi wa kanisa wamewafundisha wafiwa kwamba kunyamaza ndiyo imani. Sikubaliani nao. Paulo alitaka tusihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini" (1 Wathesalonike 4:13). Huzuni yenyewe hakuipiga marufuku.

Nilikopa nikalima viazi. Ukungu umekula nusu, nusu nyingine nimeuza kwa lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, kwa bei ya kutupa. Mungu ananifundisha nini?

Pengine hakuna fundisho, ndugu yangu. Ukungu unapenda baridi na unyevu, na milima ya Uporoto haikosi vyote viwili. Bei imeanguka kwa kuwa watu wengi wamevuna wiki moja. Lumbesa imepigwa marufuku na bado inafungwa mchana kweupe. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA" (Mithali 11:1), hivyo katika hilo Mungu yuko upande wako dhidi ya mnunuzi.

Sitaki mtu aliyepoteza mtaji aanze kutafuta kosa lake la kiroho kila mvua ikizidi. Soma Habakuki 3:17. Nabii anataja mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kundi la kondoo, ng'ombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya Yuda, na kila alichokitaja kimekwisha. Huku kwetu weka mahindi, viazi, parachichi, chai na ng'ombe wa maziwa. Ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA". Hajaifurahia hasara. Ameihesabu kwanza, moja baada ya nyingine, hajaficha hata kundi la zizini, ndipo akafika kwenye walakini yake. Wewe pia kaa na mwenzako, andikeni deni lote kwenye daftari. Ombeni juu ya daftari hilo. Na kabla ya msimu mwingine muulize afisa ugani mbegu inayovumilia ukungu, usirudie ile ya dukani uliyouziwa kwa maneno.

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, umenifikisha pabaya. Ni jaribu kutoka kwa Mungu?

Limetoka kwa mkopeshaji. Mwambie mumeo au mkeo leo, na mzee wa kanisa mmoja, kwa sababu wakopeshaji hao wanaishi kwa aibu yako. Usikope kwa mwingine ili umlipe huyu.

Silali, sili, siombi. Naona afadhali nisingekuwepo.

Umefanya vyema kusema. Eliya alisema maneno hayo hayo chini ya mretemu, jangwani: yatosha, Bwana, niondoe (1 Wafalme 19). Tazama alichotendewa. Malaika alimgusa akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena. Akaguswa tena, akala tena. Hakukemewa kwa kukata tamaa, wala hakuhubiriwa hadi alipofika Horebu, mwendo wa siku arobaini.

Basi leo, kabla ya usiku, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno haya haya, na usilale peke yako. Kesho nendeni wote wawili hospitali. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya mjini inawaona wagonjwa wa namna hii, huna haja ya kusafiri mbali. Atakayekuambia ni pepo, msikilize baada ya kuonana na daktari. Kuomba tutakuombea sisi kwa sasa. Wewe kula, lala.

Jirani yangu amefiwa na mume. Nimsaidieje bila kumwongezea maneno?

Wiki ya kwanza hana upungufu wa watu. Peleka kuni, sukari, maharage, osha sufuria, rudi kwako. Shida inaanza mahema yakishafunguliwa na ndugu wa mjini wamepanda basi. Nenda mwezi wa tatu baada ya mazishi. Nenda siku ya kupalilia na jembe lako.

Halafu kuna jambo ambalo makanisa yetu yamelilalia: makaratasi. Mjane anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo, na kufungua mirathi mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Akichelewa, shemeji ameshauza shamba. Mtu anayejua kusoma fomu akikaa naye kwenye benchi la mahakama asubuhi mbili tatu, amemhubiria wema wa Mungu kuliko mimi na jumapili zangu zote. Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na siku hizi dhiki hiyo ina mihuri na stakabadhi.

Watoto wanauliza baba ameenda wapi. Tuwaambie amesafiri?

Hapana. Watamngoja stendi. Waambie amekufa, mwili umezikwa pale, na Yesu ameahidi kumfufua. Wakiuliza lini, sema hujui. Wapelekeni kaburini.

Sikukuu ya mavuno inakaribia na mimi sikuvuna kitu. Naona aibu kwenda mikono mitupu.

Njoo. Agizo la sikukuu hiyo limo katika Kumbukumbu la Torati 16, na mstari wa 14 unataja wanaopaswa kufurahi: wewe, mwanao, binti yako, watumwa wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nusu ya orodha hiyo haikuwa na shamba. Wasio na mavuno walikuwa kwenye mwaliko tangu siku ya kwanza, na wenye mavuno ndio walioagizwa wahakikishe wanakuja na kula.

Mnada ukianza baada ya ibada, jogoo mmoja akanadiwa mara tatu na debe la mahindi likazunguka kanisa zima, hulazimiki kununua wala kujieleza. Nenda jikoni kwa akina mama, kuna chai. Nanyi wazee wa usharika wenye desturi ya kusoma majina ya watoaji na kiasi chao kwenye kipaza sauti, mwaka huu iacheni.